Sista Teodora na Mgambo wa Tumboni

Muuguzi Mkunga Teodora Machibya, ambaye hospitali nzima inamwita Sista Teo, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia katika wodi yetu ya watoto njiti, ambako amekuwa msimamizi tangu wengi wetu hatujaajiriwa. Kamati ya jarida iliniomba mimi niandike habari zake. Niliwaambia wapo wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Wakanijibu kwamba wenye kalamu nzuri hawajawahi kulaza mtoto kwenye wodi ile. Basi naandika hapa jikoni kwangu Kiseke, mtoto yuko mgongoni, na mkikuta nimeruka neno mjue kanivuta nywele.

Sista Teo alisomea uuguzi na ukunga akiwa binti mdogo, akapangiwa zahanati huko Ukerewe. Hakukuwa na gari wala mashine ya joto. Siku moja walizaliwa mapacha njiti, mmoja akiwa na nguvu kidogo, mwingine kama panya buku. Huyo mdogo Sista aliamua kumleta Mwanza mwenyewe. Alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akavaa sweta la kazi juu yake, akapanda kivuko. Mkata tiketi aliangalia kile kifua kilichojaa upande mmoja, akatazama pembeni, hakuthubutu kuuliza. Miaka mingi baadaye walipokuja wataalamu kutufundisha namna ya kumbeba mtoto kifuani, ile wanayoiita ya kangaruu, Sista alikaa mstari wa mbele akaandika kila kitu kama mwanafunzi. Mwisho wa somo akasema, "Kumbe ina jina." Basi.

Alipohamia hapa alikuta wodi ya njiti ni chumba kimoja chenye taa za joto, na mama anaruhusiwa kumwona mtoto wake kupitia kioo. Alipambana na hilo. Leo mama anakaa na mtoto wake, baba anaingia, na kile chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu ndicho chumba cha maziwa, mahali akina mama wanapokamua na maziwa yao yanapohifadhiwa kwenye friji. Mimi ndiye mhudumu wa chumba hicho. Vikombe vile vidogo mnavyoviona vimepangwa kwenye trei, ni mikono yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo nisipolieleza hamtamwelewa Sista Teo, nalo ni utumbo.

Zamani alikuwa akiwaambia akina mama kwamba mtoto njiti anazaliwa hana askari hata mmoja tumboni. Alimaanisha kinga. Nia yake ilikuwa njema: wanawe mikono, wasimpe mtoto kitu chochote isipokuwa maziwa yao. Lakini akina mama na mabibi wakafikiri kwa upande wao: kama mtoto hana askari, basi tumletee. Zikaanza kuingia chupa. Dawa ya mchango, yale maumivu ya tumbo ambayo bibi zetu wanaamini kila kichanga anazaliwa nayo, ikawa inaletwa kutoka kila kona ya kanda ya ziwa. Ilifichwa kwenye khanga, ilifichwa kwenye chupa ya uji, na siku moja ilikutwa ndani ya kofia ya babu mmoja aliyekataa katakata kuvua kofia mbele ya wanawake.

Ndipo akaja Daktari Alexander, kijana wetu, ametoka masomoni. Katika somo la asubuhi alituambia kwamba seli za kinga zinaingia kwenye utumbo wa mtoto mapema sana. Mimba ikikaribia miezi minne tayari zipo, zimekaa kwenye ukuta wa utumbo, na baadaye zinajikusanya kwenye vituo vidogo vidogo. Kilichotushangaza ni kwamba kazi yao ya kwanza mle si kupigana. Nyingine zinatoa kemikali kidogo inayousaidia ukuta wa utumbo kukua. Nyingine kazi yao ni kuwashika wenzao mikono wasianze fujo. Mtoto akitimiza miezi yake, anazaliwa mambo yamekaa sawa. Akizaliwa kabla, utumbo unakutana na maziwa, vijidudu na mipira ya hospitali kwa mpigo, na zile seli zinaweza kuchachamaa. Kemikali ileile iliyokuwa inajenga ikiwa kidogo, ikizidi inabomoa. Ndiyo sababu mojawapo tumbo la njiti linaweza kuvimba na ukuta wake kuharibika.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na ndoo.

Sista Teo alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Daktari, miaka yote hii nimekuwa nawadanganya wazazi?"

"Hujawadanganya, Sista. Ulikuwa unarahisisha."

"Kurahisisha kwangu ndiko kunaniletea mizizi wodini. Hebu rudia, taratibu."

Daktari alirudia mpaka chai ikapoa. Kesho yake Sista alipita kitanda kwa kitanda. Wengine tungenyamaza tukabadilisha somo kimyakimya. Yeye alisimama katikati ya wodi akasema, "Akina mama, nililowaambia jana kuhusu askari nalifuta. Nilikosea. Mtoto wako anao askari. Ila ni mgambo walioitwa kazini kabla hawajamaliza mafunzo. Virungu wanavyo, lakini hawajajua nani mwenye nyumba na nani mwizi. Sasa wewe ukimwingiza mgeni mle ndani, virungu vikaanza kuruka, ataumia nani?"

"Mtoto," wakajibu.

"Utaanza kuumia ukuta. Ukuta ukitoboka ndipo tutamlilia mtoto. Na afande wao ni nani? Nani anaweza kuwaambia tulieni wakatulia?"

Mama mmoja mgeni akajibu, "Wewe, Sista." Wodi nzima ikacheka.

"Mimi hawanijui. Afande wao ni maziwa ya mama."

Daktari Alexander alisema mfano huo una matobo mengi. Wiki mbili hazikupita, naye tukamsikia anawauliza wazazi, "Mgambo wameamkaje leo?"

Kutokana na somo hilo Sista akaweka utaratibu ambao umebaki wa wodi yetu peke yake: anayekuja na chupa hafukuzwi, anapewa kiti. Walinzi wa getini hawakuelewa. Sista aliwajibu, "Ukimfukuza atarudi wakati mimi sipo. Akikaa, namwona." Kile kiti cha plastiki cha bluu kilicho mlangoni, kilichochanika mgongo, kimekaliwa na mabibi wengi wa Magu, Misungwi, Sengerema, na mashangazi wa mjini wenye pochi za bei.

Si kila mtoto alipona. Sitaki kuandika kama vile alifanya miujiza, mwenyewe hatapenda. Dada mmoja, Modesta, mtoto wake tumbo lilitoboka na hakurudi kutoka chumba cha upasuaji. Shangazi za mume walianza kusema maziwa yake yalikuwa mabaya. Sista Teo alimbebea Modesta begi mpaka getini, akasimama mbele ya wale shangazi, akasema kwa sauti kavu, "Maziwa ya huyu binti yalikuwa mazuri. Nimeyashika mimi. Asije mtu akamwambia vingine." Ni mpole Sista wetu, ila akisema jambo kwa sauti ile, unalichukua kama lilivyo.

Sasa nifike kwa mwanangu Shimba.

Mwezi wa nane mwaka jana, nikiwa naosha vikombe vya watoto wa wenzangu, nilishikwa uchungu na mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Shimba alizaliwa mdogo kuliko kuku wa kienyeji. Jina hilo, ambalo kwa Kisukuma ni simba, alipewa na bibi yake, mama wa mume wangu Maige, kabla hajamwona, na alipomwona hakulibadilisha. Mwanzoni alikwenda vizuri. Alipokea maziwa kwa mpira wa puani, kidogo kidogo. Halafu siku moja tumbo likaanza kuvimba, likang'aa kama puto, akatapika kijani.

Daktari Alexander alisimamisha maziwa palepale. Shimba akawekewa dripu, dawa za mshipa, akapigwa picha. Tuliambiwa ukweli: utumbo umeumia, kwa sasa haujatoboka, tunaupumzisha tuone. Ukitoboka itabidi afanyiwe upasuaji, na mtoto wa ukubwa ule kwenye meza ya upasuaji... Daktari hakumaliza sentensi, na mimi sikumwomba amalize. Nilikuwa namjua Modesta.

Maziwa yangu yakaanza kukata. Nilikuwa nakaa tu chumba cha maziwa, chumba nilichokuwa nakipiga deki mwenyewe, naangalia kikombe. Sista aliingia akaketi mbele yangu.

"Selina, kamua."

"Namkamulia nani, Sista? Mtoto kafungiwa kula."

"Unamkamulia Shimba wa wiki ijayo. Mgambo wakitulia watamwita afande wao, na afande wao ni wewe. Akitafutwa akakosekana?"

"Sina nguvu."

"Najua huna. Lia, mwanangu. Lakini lia huku unakamua."

Nililia huku nakamua. Yalitoka ya kulowesha kikombe tu. Alikipokea kwa mikono miwili kama vile nimempa ndoo.

Siku iliyofuata mama mkwe aliingia kutoka Magu, na chupa ya soda imefungwa kwenye kona ya khanga. Maige alikuwa amekwenda kumpokea stendi, na njiani alikuwa ameshalainishwa. Aliniambia kwa kunong'ona, "Mama anasema ni tone tu, kwenye ulimi. Halitafika hata tumboni." Maige ni fundi magari pale Mirongo. Nilimwambia, "Wewe gari likiwa limezidiwa na joto, unamwagia nini kwenye injini ili tu mama yako afurahi?" Hilo alilielewa, lakini nilimwona anamwogopa mama yake kuliko anavyoniogopa mimi, na mimi nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka anaweza kukubali chochote. Kama Sista Teo asingekuwa mlangoni siku ile, sijui.

"Shikamoo, mama," Sista alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unamnyima mjukuu wangu chakula?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu unawe mikono, uje uone ninavyomnyima."

Mama mkwe alitegemea ugomvi, akakuta sabuni. Alinawa. Sista alimpeleka mpaka kwenye kile kisanduku cha kioo chenye joto, akamwonyesha lile tumbo. Bibi alishika mdomo.

"Mchango unamla huyu. Na njaa juu yake."

"Mama, tumboni mwake kuna askari, waliingia akiwa bado kwa mama yake. Wamezaliwa naye kabla hawajamaliza kufundishwa. Sasa wamezusha vurugu, wanaumiza ukuta wa nyumba yao wenyewe. Ndiyo maana tumefunga soko. Hakiingii kitu mpaka watulie."

Bibi alilitazama tena lile tumbo. Kwao ni wafugaji. Akasema, "Hata sisi ng'ombe akivimba tumbo hatumpi majani."

"Umeona, mama? Tunasema jambo moja."

"Lakini ng'ombe tunampa dawa."

"Na huyu anayo. Ile inayoshuka kwenye mshipa. Hiyo inapita nje ya tumbo, haiwachokozi wale askari."

"Na hii ya kwangu?"

"Hiyo mama tuibakize kwenye khanga yako. Akikua uje tubishane, mimi na wewe, tukiwa tumekaa na chai. Lakini humu ndani haiingii, hata tone, hata ukinichukia. Chukua kiti."

Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha bluu, khanga imefungwa, uso umekunjwa. Alikaa siku nzima. Kesho yake akaja tena akakaa. Siku ya tatu aliingia shangazi wa mtoto mwingine, ameficha kitu kwenye sidiria. Kabla nesi hajageuka, nikamsikia mama mkwe, "Wewe dada, humo ndani kuna mgambo. Watavunja nyumba. Kaa hapa na mimi." Akasogea, wakagawana kiti.

Muda wote huo Shimba hakuwa amepata choo. Sista alikuwa akimpima tumbo kwa utepe kila anapoingia zamu, na kabla hajatuambia chochote tulikuwa tunasoma uso wake. Siku moja aliweka kiganja juu ya tumbo, akakiacha pale. "Limelegea," alisema. "Lakini choo bado. Nataka choo, tena kisicho na damu. Nikikipata hicho nitalala."

Siku iliyofuata tulikuwa na wageni. Tulikuwa tunakabidhiwa mashine za kuwapasha watoto joto, na katibu wa hospitali alipita asubuhi kutuonya: wodi iwe safi, akina mama wavae vizuri, ukimya utawale. Mgeni rasmi alipofika, msafara wake ukajipanga kwenye korido. Sista Teo, ambaye alitakiwa awe mlangoni kupokea, alikuwa bado kwa Shimba, anambadilisha nepi. Nikaona amesimama kama aliyeitwa.

"Selina. Njoo uone mali."

Kilikuwa kidogo, cha kijani kinachoelekea njano, hakina hata doa la damu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilishika kisanduku kwa mikono miwili. Mama mkwe alinyanyuka kwenye kiti, akachungulia juu ya bega langu, na hapo ukimya wa katibu ukaisha. Alipiga kigelegele cha harusi. Mama wa kitanda cha pili akaitikia, na wa tatu, na wale waliobeba watoto kifuani, mpaka wodi nzima ikawa inalia kwa vigelegele.

Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anaweka mguu mlangoni. Alisimama, akatabasamu, akainua mkono kutupungia.

"Ahsanteni! Ahsanteni sana, akina mama. Kwa kweli sikutegemea mapokezi ya namna hii."

Katibu wa hospitali alifumba macho.

"Samahani, baba," mama mkwe akasema, kwa heshima yote. "Si wewe. Ni mjukuu wangu. Amekunya."

Nadhani kila aliyekuwa pale ataikumbuka sekunde ile mpaka uzeeni. Halafu mgeni rasmi akacheka mpaka akaegemea ukuta, akamwomba Sista amwonyeshe huyo mtoto mwenye sherehe.

"Karibu sana, mheshimiwa," Sista alimwambia. "Nawa mikono kwanza."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, koti likiwa limeshikwa na msaidizi wake.

Daktari alisubiri utumbo upone vya kutosha, kisha maziwa yakarudi, tone kwa tone, na yalikuwa yangu. Yale niliyoyakamua nikilia ndiyo yalitangulia. Kila yalipoingia nilikuwa nakodolea macho lile tumbo. Halikuvimba. Sista alipita nyuma yangu akasema, "Pumua na wewe sasa." Ni kweli, nilikuwa sipumui.

Mama mkwe hajabadilika kwa yote, nisije nikawadanganya. Bado anasema mchango upo, na dawa yake imeponya watoto wa watu. Siku tulipotoka hospitalini alimwambia Sista "Wabeja", asante ya Kisukuma, akamwachia jogoo. Ule mjadala wa chai nao ulifanyika, nyumbani kwetu, nusu siku nzima. Hakuna aliyeshinda. Lakini chupa haikutoka kwenye khanga.

Wodi sasa inachukuliwa na Sista Dorcas, ambaye amelelewa kikazi na Sista Teo na tayari anazo zile sauti zake mbili, ya upole na ile nyingine. Hatuna wasiwasi. Sista Teo mwenyewe anasema akifika kwake Ilemela atapanda mchicha, atafuga kuku wachache akianzia na uzao wa jogoo wa Magu, na atalala mpaka jua limguse miguu. Alipoulizwa kwenye kikao cha idara kama atakubali kurudi kufundisha wauguzi wapya, alijibu, "Niacheni kwanza nilale, halafu mniulize tena." Sisi tumelichukua kama ndiyo.

Sista Teo, kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wahudumu na walinzi wa geti, na kwa niaba ya akina mama ambao majina yao hatunayo tena, ahsante. Mjini humu wapo watoto wanaokimbia na madaftari ya shule, matumbo yao yamejaa ugali na dagaa, hawajui kwamba uliwahi kuyapima kwa utepe. Hata wakikupita barabarani hawatakusalimia kwa jina. Mama zao tutakusalimia.

Shimba ana miezi kumi, anatambaa. Leo mchana amekula sato wa kusagwa na ugali laini, akamaliza, akadai wa kwangu. Sasa hivi amelala hapa mgongoni. Nitamshusha, nitamgusa tumbo, ni laini, najua ni laini, nitaligusa tu, halafu nitalala na mimi.

Nenda kapumzike, Sista. Mungu akupe siku nyingi na njema, na usingizi wote ulioukosa kwa ajili yetu.

Selina Yakobo
Mhudumu, Chumba cha Maziwa